Fortunato na gari jeupe alilolikataa

Saa moja kasoro asubuhi, baridi ya El Alto, mji wa juu milimani, inauma mpaka kwenye kucha, na Fortunato Callisaya amekwisha kukata magari tisa. Ni magari ya bati, yanayokaa kwenye kiganja. Anashika lehemu, moshi unapanda, mlango unashika. Kisha anachukua kwa kibano kitu kidogo kama punje ya mchele na kukibandika puani mwa gari.

"Hii ndiyo inayouza," anasema bila kuinua macho. "Nembo ya Toyota. Ukiiacha, gari linabaki bati."

Fortunato ana miaka sitini na moja. Miaka thelathini na minne ameimaliza akitengeneza vigari vya Alasitas, sikukuu ambayo watu wa huku hununua kisanamu kidogo cha kile wanachokitamani: kinyumba, kigunia cha unga, kicheti cha shule. Saa sita kamili mchana wa tarehe 24 Januari wanakibariki kwa moshi wa ubani, wakimwomba Ekeko, mungu wao wa neema, kile kibabu kinene chenye masharubu, awaletee kikubwa chake.

Kigari chenye nembo anakiuza bolivianos 25. Kisicho na nembo ni 12, na bado watu wanakirudisha mezani. Bati ni lilelile, la makopo ya maziwa.

"Mwaka juzi walisimamisha bango kubwa kule chini mjini," anasimulia. "Gari liko juu ya theluji, msichana anacheka. Januari ile kila mtu alitaka hilo hilo. Mama mmoja muuza viazi akaniambia, 'Mzee, nipe lile la theluji.' Nikamuuliza, mama, viazi utaviweka wapi humo? Akanijibu, 'Wewe tengeneza, tamaa yangu usinipangie.'"

Anacheka peke yake, kisha kicheko kinaisha. Kwa maana yeye mwenyewe, aliyewatengenezea watu maelfu ya magari, gari hana.

Mzigo unabebwa na mkewe, Basilia, mwenye miaka hamsini na saba. Anaufunga mgongoni kwa kitambaa, kilo thelathini, wakati mwingine arobaini, na kuteremka nao mjini kwa miguu pale mabasi yanapokataa kumpakia. Magoti yake yameshaanza kulia. Miji mingine nayo ina sikukuu kama hii, mwezi huu huku, mwezi ule kule, lakini ukipanda basi la mbali na bati utalipia mzigo kuliko nauli yako, na ukifika vigari vimekuwa chapati. Kwa hiyo wanauza mwezi mmoja tu kwa mwaka. Miezi iliyobaki Fortunato anaziba sufuria za watu na kupata bolivianos 1,800 kwa mwezi, ukiwa mwezi mzuri.

Mwaka 2021 nusura wapate gari. Lilikuwa basi dogo jeupe la Kichina, chapa ya Tianlu, limesimama kwenye soko la Jumapili. Fundi aliingia chini yake, akatoka na kusema injini nzima, chesisi nzima, chukueni. Bei ilikuwa bolivianos 42,000. Na wao akiba yao, ya miaka kumi na moja, ilikuwa hiyo hiyo. Basilia alikuwa ameshapanda na kukaa.

Fortunato akakataa.

"Nilikuwa nimebariki Toyota miaka saba mfululizo," anasema. "Nikaona nikichukua hilo ni kama kumwambia Ekeko amechelewa, basi tumeokota lolote. Halafu Tianlu ni nani? Nani alishamwona kwenye bango?"

"Sema kweli yote!" Sauti ya Basilia inatoka jikoni. "Uliogopa Gregorio atakucheka."

"Na hilo pia," anakubali.

Gregorio Yujra ni jirani yao, dereva wa abiria. Hakucheka hata kidogo. Jumapili iliyofuata alikwenda akalinunua yeye.

Wiki tatu baadaye akabisha hodi kwa Fortunato, amenuna. Abiria walikuwa wanaliruka gari lake na kupanda la nyuma. Wakiona jina kwenye pua wanageuza shingo. Akamwomba amtengenezee nembo ya Toyota, ya ukubwa wa gari la kweli.

Fortunato alikata shaba, akaigonga siku mbili, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Alilipwa bolivianos 60. Gregorio alitoboa matundu mawili puani, akaikaza kwa skrubu, na kufikia wiki ya pili abiria walikuwa wanajaa mpaka mlangoni.

"Mmoja aliniambia, 'Toyota ni Toyota, kaka, hata mlio wake unausikia,'" anasema Gregorio. "Nikamjibu, ndiyo, mzee, una sikio."

Hiyo ni miaka mitano sasa. Gari limepanda na kushuka, limebeba harusi na misiba, na halijawahi kulala njiani. Akiba ya Fortunato nayo imebaki palepale kwenye chama cha akiba, inanyauka. Dola zilipoanza kupotea, wakubwa walikaa kwenye runinga wakasema zipo tele, tusisikilize uzushi. Zilikuwepo kweli, kwao. Bei ya kila kinachotoka nje ikaruka, foleni za dizeli zikazunguka mitaa, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeonekana humo ameshika dumu. Mtu wa chini alipokwenda sokoni tena na elfu zake arobaini na mbili, aliulizwa kama anataka kununua matairi.

Wiki hii Gregorio ameamua kuuza, na amelileta mpaka mlangoni.

"Elfu hamsini na nane," anasema, ameliegemea.

"Hamsini na nane!" Fortunato anaweka koleo chini. "Ulilinunua arobaini na mbili, ukalikimbiza miaka mitano, sasa limenenepa?"

"Kaka, mbona unasahau? Hili ni Toyota."

"Toyota ya nani? Nimeizaa mimi pale kwenye benchi, kovu lake hili hapa kidoleni!"

"Wewe unajua. Mteja hajui. Nikilipeleka sokoni Jumapili..."

Basilia anatoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni. "Lipeleke, Gregorio. Nami nitakuja na kigoda changu, nikae mbele yake. Kila atakayeuliza bei nitamwambia nani aligonga hiyo shaba."

"Shemeji, utaniharibia biashara!"

"Nitakaa mpaka watu waondoke. Chai ninayo, mkate ninao."

Gregorio anavua kofia, anaivaa, anaivua tena. Anaangalia gari, anamwangalia mama huyu. "Haya. Bila nembo, arobaini na saba. Ila nembo naondoka nayo. Kuna gari lingine ninaliwinda."

"La chapa gani?"

"Usiniulize, kaka."

Basilia anacheka mpaka anashika ukuta. Fortunato hacheki. Amekwisha kuinama, anapapasa ubavu wa gari kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemuuza ujanani.

Wana elfu arobaini na tatu. Bado elfu nne. Gregorio amewapa mpaka Jumamosi ya Kanivali, katikati ya Februari, baada ya hapo atalipeleka sokoni, kigoda kiwepo kisiwepo. Mwaka jana Alasitas iliwaachia bolivianos 3,100 baada ya kutoa gharama, na mwaka jana walikuwa karibu na lango la uwanja wa sikukuu. Mwaka huu wagawaji wa nafasi wamewasukuma pembeni, jirani na vyoo. Langoni wamekaribisha kampuni ya magari iweke magari ya kweli juu ya zulia jekundu, ili watu wapige picha. Mafundi waliandika barua. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikaishia hapo.

"Tutapita katikati ya watu na sinia," anasema Basilia. "Watutafute, watufukuze, tutapita tena."

Fortunato anafanya kazi tangu alfajiri mpaka macho yamuwashe. Ameahidi vigari mia tatu kabla ya sikukuu. Anajua wenzake watasema nini wakimwona ndani ya Tianlu, mtu aliyewauzia mji mzima Toyota. Usiku uliopita, anakiri, bado aliota ile Toyota ya kweli.

"Hiyo itakaa humu," anasema akigusa kifua. "Haitatoka. Lakini miaka mitano, bwana. Miaka mitano nimeitazama nembo, mke wangu amebeba mzigo."

Mpango wake ni Oruro kwanza, kisha Cochabamba, kila mji na sikukuu yake. Ukimuuliza anataka nini hasa kwenye gari hilo, hataji faida. Anatazama barabara inakokwenda kusini, kule tambarare inapofunguka na milima kukaa mbali.

"Nataka tufike mahali pazuri, nizime injini," anasema. "Nimwambie, Basilia, shuka uangalie. Na ashuke tu. Asianze kwa kutua mzigo."