Risasi Mbili Zisizong'aa

Mwezi uliopita nilibomoa nyumba ya babu kule kijijini, upande wa Sikonge, ili nijenge ya matofali ya kuchoma na bati la rangi. Niseme tu ukweli: katika ukoo wetu hakuna mwingine ambaye angeweza. Mimi, binti niliyekwenda shule pekupeku, ndiye wa kwanza kwetu kupata stashahada ya ufundi mitambo, na cheti chake kinaning'inia sebuleni kwangu mjini, Ipuli, mgeni hakosi kukiona. Lakini fundi alipopiga nyundo ukuta wa chumba cha babu, ukadondoka mkebe wa majani ya chai. Nilipoufungua, msomi mimi nikakaa chini kwenye kifusi. Ndani mlikuwa na risasi mbili, zimeviringishwa kwenye kitambaa chenye nta.

Rafiki yangu, ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa mstari, shamba la wote, na alfajiri kipande cha reli kiligongwa kutuamsha. Ukipumua, ni tumbaku inayokaushwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inayochemka jikoni kwa bibi. Babu alikuwa mwindaji wa kijiji. Alikabidhiwa bunduki kubwa ya kuangusha nyati, nzito hivi kwamba mimi niliweza kunyanyua kitako chake tu. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, kwa hiyo kazi ya kumfutia risasi na kumchagulia ilikuwa yangu.

Zilikuwa za aina mbili. Moja ilivikwa shaba mpaka nchani, ngumu, inang'aa kama hereni. Hiyo ya nyati. Nyingine ncha yake iliachwa wazi, ya kijivu, laini hata ukucha unaacha alama. Hiyo ya tandala na swala, maana ikiingia mwilini hutanuka, na mnyama hulala palepale.

"Ukimpiga tandala kwa ile ya nyati," babu alikuwa akisema, "inapita kama sindano kwenye kanga. Anaondoka na maumivu yake, anakwenda kufa mbali."

Kila nilipomaliza kuchagua, alipitisha kidole gumba kwenye ncha kuhakikisha.

Msimu mmoja wageni walikuwa waje kufungua zahanati yetu, na kijiji kikapata kibali cha tandala mmoja. Babu alikuwa amekosa shabaha mara mbili mfululizo. Kamati ikamwambia wazi kwamba akikosa tena, bunduki atapewa kijana. Kwa mzee yule, hiyo ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo hadharani.

Asubuhi ya safari, jirani yetu, mtani wake mkubwa, akachungulia uani. Kwenye ungo nilikuwa nimepanga risasi nne, mbili za kila aina.

"Ee mzee, hizo mbili mbona zimepauka? Zimeng'oka meno kama wewe!"

"Nyamaza, mtu unayekimbia sungura!"

"Tandala akiziona atacheka mpaka aanguke. Labda ndivyo unavyowaua!"

Babu alicheka. Mimi sikucheka. Akanigeukia. "Mke wangu, leo naamini jicho lako. Chagua mbili, mimi sigusi." Ndivyo alivyoniita siku zote. Na bibi akadakia kutoka jikoni, "Mke mwenzangu, mchagulie vizuri, nataka maini!"

Somo nililijua. Lakini nilitaka babu yangu atoke kama bwana harusi, na nikajiambia, risasi inayoangusha nyati itashindwaje na tandala? Nikampa zinazong'aa. Akazitia mfukoni bila kuzipapasa.

Alirudi siku ya pili, mikono mitupu, miguu imechanwa na miiba. Alimpiga tandala begani mara mbili, tandala akaondoka. Alifuata matone ya damu hadi ng'ambo ya njia ya zamani ya misafara, akakuta fisi wamekwisha kula.

Mbele ya kamati alisema tu, "Mkono wangu umezeeka." Mwenyekiti akachukua bunduki.

"Na risasi zilizobaki?"

"Hakuna. Nilikuwa na hizo mbili tu."

Nikadhani amesahau zile mbili zilizobaki kwenye ungo. Niliona haya, nikanyamaza. Jioni ile alinisogezea sahani ya michembe, tukala pamoja, hakuniuliza neno. Wageni walipokuja walikula kuku.

Kumbe hakusahau. Angezitoa zile mbili laini, kijiji kizima kingejua kwamba alibeba za nyati, na aliyemchagulia ni nani. Akazificha ukutani, akaishi miaka yake yote iliyobaki akiitwa mzee aliyeishiwa shabaha. Nami nimezunguka mijini nikijisifu kwamba mimi ndiye niliyemchagulia babu risasi.

Sasa reli haigongwi tena. Miti imekwishia kwenye moto wa kukaushia tumbaku, na tandala watoto wetu humjua kwa picha.

Risasi nimezipeleka kituo cha polisi, kama sheria inavyotaka. Askari kijana akafungua daftari.

"Shikamoo mama. Hizi zilikuwa za nani?"

Nilipitisha kidole gumba kwenye ncha zake. Bado laini.

"Marahaba. Andika zangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyetakiwa kuzichagua."