Ukuta wa Uwanja wa Kibondo

Nilipokuwa kiungo wa timu yetu ya Kasulu sikuwa na woga. Nilipokea mpira nimebanwa na watu wawili na bado nikacheka. Hofu niliijua nilipopewa ukocha.

Tulikwenda kucheza Kibondo. Desturi yetu ugenini ni kutopita getini, kwa kuwa inaaminika wenyeji huzika vitu vyao vya uchawi hapo. Tunaruka ukuta. Mimi mwenyewe nimeuruka miaka yote, nusu nikiamini, nusu nikiona aibu. Siku hiyo mvua ilinyesha asubuhi nzima na ng'ambo ya ukuta kulikuwa na utelezi. Nikawaomba wazee wa kamati ya timu tupite getini. Mmoja akanitazama juu mpaka chini.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kocha. Tukifungwa, watu wa Kasulu utawaeleza wewe."

Nikawaelekeza wachezaji ukutani. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, na niliogopa watu kuliko uchawi.

Wachezaji wakaruka. Kiungo wangu, mtoto pekee wa mama muuza maharage, akatua vibaya. Niliona goti likipinda kwa ndani. Akainuka upesi, akajipangusa tope.

"Niko fresh, kocha."

Alidanganya, na nilijua, maana uongo huo nami niliusema sana enzi zangu. Ningemweka benchi. Lakini bila yeye katikati pangekuwa wazi, na kamati walikaa nyuma yangu. Nikampanga. Jina lake nililiandika vibaya kwenye karatasi ya mwamuzi.

Kipindi cha kwanza hakijafika nusu, aligeuka na mpira akaanguka, hakuna aliyemgusa. Ukelele ule sitaki kuusimulia. La mkuu nililisikia mimi, guu likavunjika la mwenzangu.

Tukarudi naye hadi hospitali ya Kabanga. Daktari alipomaliza kumpima alituambia mpira basi tena. Mama yake alifika na kanga imelowa, amekwisha kuambiwa. Hakulia. Akanipa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama mtu anavyomsalimu mkubwa.

"Mwalimu, nani aliyemchezea rafu mwanangu?"

Wazee wa kamati walisimama mlangoni, macho yote kwangu, wakisubiri nimtaje beki yeyote wa Kibondo.

"Ni mimi, mama."

Akauachia mkono wangu.