Kitabu Tulichokinakili Upya

Niliajiriwa kwa sababu ya mwandiko. Walinzi wa hoteli yetu pale West Bay, Doha, walikuwa wengi, na wengi walinishinda kifua, lakini kitabu cha matukio, OB kama tulivyozoea kukiita tangu Nairobi, kiliwekwa mbele yangu kwa kuwa nilijua kuandika ripoti ikaeleweka. Nakiri nilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Sheria ya OB ni kwamba huchani karatasi wala hufuti. Ukikosea, unapiga mstari mmoja, maneno ya chini yaendelee kusomeka, kisha unatia sahihi pembeni.

Enzi hizo Doha nzima ilikuwa imechimbwachimbwa kwa ajili ya metro. Hoteli ikapokea mkutano wa watu wa nishati ya nyuklia. Kati ya wageni alikuwamo mama mmoja wa makamo, mjane. Mtambo wa nyuklia uliharibika karibu na mji wake, mji ukahamwa, mumewe akaugua miaka kadhaa akafa. Nchi yake siitaji. Ana watoto huko. Alikuwa amealikwa kuhutubia, lakini asubuhi ile jina lake likaondolewa kwenye ratiba. Basi akatandaza kitambaa sakafuni nje ya ukumbi, akapanga picha: majirani, shule, bustani ya mumewe. Hakupiga kelele. Alisimama tu.

Mwandaaji wa mkutano alinijia amekunja uso, akaniagiza nizitoe. Nikapiga magoti, nikazikusanya.

"Samahani, mama," nilimwambia kwa Kiingereza.

Akanisaidia kukunja kitambaa. Hilo la kunisaidia linaniuma mpaka leo.

Nikaandika kila kitu: saa, jina la aliyeagiza, idadi ya picha, stoo zilikowekwa. Nikatia sahihi kwa madaha yangu yote.

Alasiri msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu, akaniita.

"Bro, hii ni nini umeandika? Jina ya client unaweka kwa OB?"

"Si ndiye alisema zitolewe?"

"Wewe ni soja ama ni gazeti? Andika mgeni alienda mwenyewe, khalas, imeisha."

"Nipige line?"

"Line itasomeka. Chukua kitabu mpya, copy yote kutoka mwanzo wa mwezi. Hapo kwa huyo mama, badilisha."

"Na nikikataa?"

"Kesho uko kwa ndege. Na mimi niko kwa siti ya pili."

Hakuwa akinitisha. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Nikakaa chumba cha walinzi nikanakili zamu baada ya zamu, nikibadilisha kalamu, nikiiga sahihi za wenzangu. Kitabu cha kwanza msimamizi aliondoka nacho kwapani. Niliona aibu, lakini Mungu anisamehe, nilipomaliza niliutazama mwandiko ukanipendeza.

Asubuhi iliyofuata mama yule alifika mapokezi na begi lake. Picha alikuwa amerudishiwa, lakini alitaka kuona kumbukumbu ya tukio. Meneja wa hoteli akakubali kwa tabasamu, akanituma nimsomee. Nikasoma bila kukwama: mgeni aliondoka kwa hiari yake, hakuna kilichochukuliwa.

"Jana si wewe uliyepiga magoti mbele yangu?" akauliza.

"Hapana, mama."

Hakugomba. Alitoa daftari dogo, akaniomba jina langu kamili. Nilidhani anakwenda kunishtaki. Akaniambia taratibu kwamba kwao, siku mtambo ulipoharibika, kuna mtu aliyewaagiza wabaki majumbani, na kila wakiuliza ni nani, wanajibiwa kwamba hakuna mtu aliyesema hivyo. Wamezika watu, na hawana hata jina moja la mtu wa kumuuliza.

"Angalau kutoka hapa nitarudi na moja," alisema.

Aliyemwondoa kwenye ratiba hakumpata. Aliyeagiza picha zitolewe hakumpata, na mimi jina lake nililijua, nilikuwa nimeshaliandika jana yake kwa mkono wangu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamtajia langu, akaliandika.