Kitrekta cha Uani

Shamba la mkonge lilipobinafsishwa, jirani wa Apolonia aliambulia kitrekta kikuukuu, akakiweka uani pale Kitomanga. Kila asubuhi hukipangusa kwa kipande cha kanga, kisha huketi nyuma ya usukani. Mwaka huu mvua zilianza, asikiwashe. Siku ya tano Apolonia, anayekitegemea kumlimia shamba la ufuta, alimwendea na jembe begani, roho juu.

"Shikamoo, mzee. Kimekufa?"

"Marahaba. Kizima." Kwa vidole vyeusi vya grisi akafunua boneti taratibu. Juu ya injini kuku alikuwa amelalia mayai. "Kesho anatotoa."

Kesho yake mzee alibeba vifaranga tisa ndani ya kofia yake, mama yao akimfuata kwa kelele. Akazungusha hendeli mara moja tu, injini ikanguruma. Apolonia akalitua jembe.