Basi Kipara na Hodi ya Mkwezi

Sipendi kuoneshwa mji niliozaliwa. Ni sawa na mgeni kukuelekeza choo cha nyumbani kwenu. Idi ile basi kipara liliposimama mbele ya lango letu na kupiga honi, nilikuwa wa kwanza kununa, na huku mimi mwenyewe ndiye niliyetushikia nafasi mbili.

Lilikuwa machimbombo, ndivyo tuitavyo mabasi makubwa, la kubebea wafanyakazi wa mradi wa gesi wa Afungi. Vita vilipopita mjini kwetu Mocímboa, likaachwa kando ya barabara, paa limeungua. Mwenye basi, mtu wa mtaani kwetu aliyewahi kuwa mpishi wa kantini huko huko Afungi, alilichukua kama chuma chakavu. Akakata masalia ya paa, akachomelea jukwaa, akapanga mabenchi juu yake, akapaka rangi ya kijani kote. Aliona kwenye simu jinsi watu wanavyotembezwa kwenye miji ya pwani huko duniani, juu ya mabasi yasiyo na paa, wakielezwa jumba hili la nani na ngome ile ya lini. Akaamua kwamba Mocímboa nao ni mji. Watu wakaliita Kipara, naye hakukasirika, maana mwenyewe pia hana nywele.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya Mama. Tangu arudi kutoka mji wa Pemba, makao makuu ya jimbo letu, ambako alikimbilia kama wengine wote, alikuwa hatoki uani ila kwenda kisimani au kwenye maziko ya watu. Sababu ilikuwa Baba. Baba alikuwa mkwezi. Asubuhi ile wale watu wenye bunduki walipoingia mjini alikuwa ameshatoka na panga lake na kamba yake ya miguuni kwenda kuangua nazi, na hakurudi tena. Aliyemwona akifa hakuna, na aliyemwona hai baada ya siku ile hakuna. Mimi nilikuwa Pemba, kazini hospitali. Mama alikimbia na majirani, na kabla ya kukimbia akamwekea Baba wali wake kwenye sahani, akaufunika kwa kawa.

Aliporudi akaanza upya. Kila jioni sahani, kila jioni kawa, na asubuhi wali unakwenda kwa kuku. Sheikh wa msikiti wetu alikuja kumweleza kwamba dini haikumwacha njia panda mke wa mtu aliyepotea: angoje muda fulani, kisha ahesabiwe mjane, akae eda yake, ile miezi minne na siku kumi, halafu aendelee na maisha. Mama alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sheikh, mie sikai eda ya mtu anayetembea."

Basi akawa si mke, si mjane. Nasema wazi kwamba mimi nilikuwa nimechoka. Nilichoka na sahani, nilichoka na lango lisilofungwa komeo, nilichoka kuona kuku wetu wakinenepa kwa chakula cha Baba. Nilitaka Mama aambiwe yaliyompata Baba, na yeyote, kwa namna yoyote. Nilipomtajia basi nilitegemea akatae. Akauliza tu, "Ni refu?" Nikamwambia ni refu, ukikaa juu unaona hadi ng'ambo ya kuta. Akafikiri kidogo. "Nitapanda. Kutoka juu nitaona mbali." Nilielewa anachokwenda kutafuta.

Tulipanda baada ya swala, Mama na kanga zake mpya, mimi na mnuno wangu. Watoto walijaa nyuma. Mbele yetu alikaa mama mmoja mtumishi wa serikali, aliyehamishiwa kwetu kutoka kusini, kofia pana kichwani na simu mkononi tayari kwa picha. Askari wa kizuizini walitazama, wakacheka, wakatupungia tupite.

Mwenye basi alimwachia mtu mwingine usukani, akasimama na kipaza sauti. "Kulia kwenu, hospitali! Kushoto kwenu, hapa palikuwa na benki!" Wote tuliokuwa juu tulijua palikuwa na benki. "Mbele kidogo, pale penye mnyonyo, palikuwa na bekari!" Mzee mmoja akapinga kwamba bekari ilikuwa upande wa pili. Mwingine akasema upande wa pili palikuwa pa fundi wa redio. Ikawa ubishi mkubwa kuhusu mikate ambayo hakuna aliyeila kwa miaka, na mtumishi akapiga picha mnyonyo. Mimi niliuma midomo. Kuta nyingine zilikuwa zimesimama bila nyumba ndani, na mpapai umeota mahali pa kitanda cha mtu. Kuna miji inayotembezwa watu kwa kile kilichomo. Sisi tulitembezwa kwa kile ambacho hakimo, na watoto walishangilia vile vile, kwa sababu basi lilikuwa linakwenda na upepo ulikuwa unavuma.

Mama alitazama kila mwanamume aliyepita.

Tulipoingia mitaa ya chini, njia ikawa nyembamba na kuta zikawa karibu. Hapo ndipo urefu wa Kipara ulipogeuka kuwa aibu. Macho yetu yalipita juu ya ukuta mmoja, na ndani yake mwanamke alikuwa anaosha nywele, kifua wazi, povu mpaka mabegani. Aliinua uso akakutana na macho ya basi zima. Akapiga ukelele, akakimbilia ndani, kopo likabiringika.

Mama alisimama. Sikuwa nimemwona akisimama hivyo tangu arudi.

"We bwana! Simamisha! Unawapitisha watu juu ya nyua za wenzio bila hodi? Umelelewa na nani?"

"Bibi, hii barabara ya serikali," alisema mwenye basi.

"Barabara ya serikali, na nyua za serikali? Mkwezi anapanda mnazi wa mtu, kazi yake iko juu, na bado hapandi bila kupiga hodi wanawake wajisitiri. Wewe una nazi gani huku?"

Watu wakacheka. Mwenye basi naye akacheka, akamnyooshea kipaza sauti. "Haya, bibi, tupigie hodi wewe."

Mama alikisukuma kando. Akashika chuma cha benchi la mbele, akavuta pumzi, akaita kwa koo lake mwenyewe:

"Hodi juuu! Wenye nyumba jisitirini, macho yangu ni ya nazi tu!"

Ilikuwa hodi ya Baba. Kila mkwezi ana yake, kama muadhini na sauti yake, na hii hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naisikia kutoka mitaa mitatu mbali, na wenzangu shuleni walinitania kwayo mpaka nikapigana.

Basi likaendelea polepole. Kila ukuta, Mama aliita. Kutoka ndani tulisikia vicheko, milango ikifungwa, mwanamke mmoja akajibu, "Panda, tumejisitiri!" kama wajibiwavyo wakwezi. Watoto wakaanza kuita pamoja naye. Mtumishi akanigeukia akauliza kwa Kireno, "A mamã está a cantar?" Nikamjibu kwamba haimbi, anaomba ruhusa. Alitazama simu yake, akaishusha mapajani, hakuiinua tena.

Naye Mama alikuwa anatabasamu. Nilijilaumu kwa mnuno wangu, nikaanza kufurahi. Ndivyo tulivyofika kwenye ukuta wa matofali wenye mnazi mmoja mrefu ndani yake.

"Hodi juuu!" Mama aliita. "Wenye nyumba jisitirini..."

Kutoka ndani, sauti ya mwanamke ikammalizia, taratibu, kama mtu anayesoma kitu anachokiogopa: "...macho yangu ni ya nazi tu."

Mama alinyamaza. Watoto wakaita kwa mara ya mwisho, wakaona wako peke yao, wakaacha. Mwenye basi akagonga ubavu wa basi, likasimama.

Mlango ulifunguliwa. Alitoka mwanamke wa umri wangu, mikono ina unga. Akatutazama mmoja mmoja mpaka akafika kwa Mama. "Shikamoo, mama. Maneno hayo umeyapata wapi?"

"Kwa mume wangu," alisema Mama.

Yule mwanamke alijifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshatakata. "Shuka, mama. Ingia ndani."

Nilimshusha Mama kwa kumshika kiuno. Uani palikuwa pamefagiliwa. Tulipewa mkeka, lakini Mama hakukaa, alikuwa anautazama mnazi. Mwanamke alisimulia akiwa amesimama naye, na nitayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu tangu siku ile hayajanitoka.

"Tulikuwa mie na mkwe wangu, tumejifungia ndani. Risasi zinalia. Mara tukasikia mtu karuka ukuta. Nikachungulia dirishani: mwanaume, panga kiunoni, kamba mkononi. Simjui, kwetu hajaangua hata siku moja. Kashika mnazi, anataka kujificha juu, kwenye makuti. Kapanda kidato cha kwanza, cha pili. Halafu kasimama. Halafu akaita."

"Akaita?" niliuliza mimi. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

"Akaita hodi, dada. Kama mlivyoita. Na wale walikuwa pale kwenye kona."

Kuku mmoja alipita katikati yetu.

"Wallahi, nami nikajifunika kichwa," alisema yule mwanamke, akaanza kulia. "Kwenye hofu ile yote. Mkwe wangu naye kavuta kanga. Tulijisitiri, kisha ndipo tukasikia miguu yao inakuja, tukatokea mlango wa nyuma. Kwa hodi ile tuko hai: waliifuata sauti mnazini, sisi tukapata nafasi. Lakini yeye alishafika juu. Wakamwona. Wakamshusha."

Nilipata hasira ambayo sijui mpaka leo niielekeze wapi. Adabu gani hii? Mtu anakimbia kifo, mikono yake imeshashika usalama, na ulimi unakwenda kwenye mazoea ya maisha yake. Angenyamaza! Wanawake wawili asiowajua wangeonekana vichwa wazi na mkwezi mwenye hofu, basi. Nilitaka kumtingisha Baba. Nilitaka kumbusu ile mikono yake iliyokauka. Aliyekuwepo mbele yangu alikuwa mnazi tu, vidato vyake vimepanda hadi juu.

Mama alisema, "Hata siku ile!" Akapiga paja. "Hata siku ile! Nilimwambia mara ngapi, baba we, una sauti kubwa." Akacheka, kicheko cha kweli, kicheko cha mke anayemteta mumewe mbele ya wageni. Kikaenda, kikaenda, kisha kikamgeukia, nami nikamdaka kabla hajafika chini.

Alikuwa amezikwa hapo hapo, nyuma ya mnazi. Jirani mzee aliyeshindwa kukimbia ndiye aliyemzika, akamzungushia mawe ya pwani. Yule mwanamke na mkwe wake waliporudi, waliuliza mitaa ya karibu, hakuna aliyemjua. Walimwita "mgeni wetu". Kila Ijumaa yule mwanamke alikuwa anamsomea Fatiha. Umbali kutoka kaburi lile hadi kwenye sahani yetu ni wa kutembea, si wa basi, na Mama hakuwahi kupita upande ule kwa sababu Baba hakuwa na wateja huko.

Tulipotoka tulikuta Kipara bado limesimama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshuka wala kulalamika. Walitupeleka nyumbani bila kipaza sauti.

Siku ya pili Mama alinituma nimwite sheikh. Alikuwa amekwisha kufua kanga nyeupe. "Nimeambiwa," alimwambia. "Sasa nakaa eda."

Sheikh ni mtu mpole, na niliona kwamba anatafuta maneno. Kisha akamweleza kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku mke alipopata habari. Yake ilikwisha zamani.

"Ilikwisha wapi?" aliuliza Mama.

"Pemba, mama. Ulipokuwa Pemba."

Mama alitazama kanga yake. Kule Pemba alikuwa anakaanga mandazi kando ya barabara. Alikuwa anavaa nguo nyekundu ya msaada, kwa kuwa ndiyo aliyopewa, na alikuwa anataniana na madereva ili wanunue. "Kwa hiyo nilikuwa kwenye eda," alisema, "na nacheka na watu."

"Hukujua, mama. Huna dhambi yoyote."

"Sikuuliza dhambi, sheikh."

Sheikh alipoondoka, Mama aliosha ile sahani, akaifuta, akaipandisha rafuni pamoja na nyingine. Akavaa nyeupe, akaingia chumbani, akakaa kwenye mkeka. Wanawake wa mtaa walisikia, wakaanza kuja mmoja mmoja, na yule mwanamke wa mnazi alikuja na mkwe wake. Habari zikamfika sheikh. Akamtuma mtu kuuliza kwa upole: mama anakaa eda gani, na alishaelezwa kwamba haipo?

Nilimsikiliza mlangoni. Mama naye alimsikia.

"Mwambie sikai eda," alisema kutoka ndani, na akavuta kanga mpaka usoni. "Mwambie mume wangu kapiga hodi, nami najisitiri."