Neno Lililochelewa Mdomoni mwa Owori

Kwa miaka kumi na tisa, ukiharibikiwa na pikipiki pale Mulanda, Uganda, ulielekezwa kwa fundi Owori. Kisha asubuhi moja kiharusi kilimwangusha kibandani mwake, spana ikiwa mkononi. Upande wote wa kulia ukalala. Ulimi nao ukawa mzito. Neno alikuwa nalo kichwani, ila lilichukua muda kufika mdomoni, na mara nyingi lilifika moja tu, bila wenzake.

Mkewe Maurine alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya. Yeye hakukishika Kidhopadhola cha mumewe, Owori hakukishika Kisamia, kwa hiyo walilea binti yao Joanita kwa Kiswahili, na mpaka akaolewa Soroti nyumba ile haikuwa na lugha nyingine. Baada ya kiharusi, Maurine alijifunza kuendesha pikipiki ya mumewe akiwa na miaka arobaini na mitatu. Kila Jumanne na Ijumaa alimfunga Owori mgongoni kwake kwa leso mbili, wakaenda Tororo kwenye mazoezi ya viungo. Huko muuguzi Prossy alimkunjua vidole kimoja kimoja. Mwezi wa nane, Owori aliinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia. Kilitetemeka, lakini kilifika. Maurine alilia mbele za watu bila kuona haya.

Wiki chache baadaye gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Owori alilihisi kabla ya mkewe.

"Beringi," alisema walipofika nyumbani. "Nyuma."

"Basi nimpelekee Egesa," Maurine akasema. Egesa alikuwa amejifunza ufundi kwa Owori, na sasa kibanda kilikuwa chake.

Owori akatikisa kichwa. Kuketi kwenye benchi lake mwenyewe kama mteja, mbele ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika nyundo? Hapana.

"Hapa," akasema. "Wewe."

Alhamisi Maurine akanunua beringi mbili mpya huko Busia. Alasiri akamtoa mumewe na kiti chake hadi barazani, akaegemeza pikipiki ukutani na kuanza. Owori aliongoza kwa kidole cha kushoto na neno mojamoja. Mnyororo. Nati. Ekseli. Gurudumu likatoka, wakalilaza juu ya vipande viwili vya mbao. Maurine aligonga beringi kuukuu kwa ndani akitumia chuma kirefu, huku na huku, mpaka zikadondoka moja baada ya nyingine, zimejaa kutu na zinakwaruza. Akazitupa shimo la takataka. Akafuta tundu kwa kitambaa, akapaka grisi. Beringi mpya ya kwanza iliingia vizuri, kwa kuwa Owori alimwonyesha mahali pa kugonga.

Ya pili ndiyo iliyowashinda. Ilikaa mshazari, ikagoma. Maurine akachukua kipande cha bomba, akakisimamisha katikati ya beringi, juu ya pete ile ndogo ya ndani, akainua nyundo. Owori aliona kosa kabla nyundo haijashuka. Beringi hugongwa ukingoni, kwenye pete ya nje; ukiigonga ya ndani, unaziumiza gololi. Alilitafuta neno. Nyundo ilishuka mara tatu kabla halijapatikana.

"Nje!" akapaza sauti. "Nje!"

Maurine akageuka kutazama njia. Alidhani kuna mgeni. "Nani? Sioni mtu, Baba Joanita."

"Nje!"

"Hakuna mtu nje. Ngoja nimalize, iko karibu kuingia."

Akagonga tena. Beringi ikaingia mpaka mwisho, ikatoa ule mlio mzito wa kitu kilichofika mahali pake. Maurine akanyanyuka, grisi hadi kwenye viwiko, akicheka peke yake. Alimletea mumewe gurudumu alipoketi.

"Pima, fundi."

Owori akaingiza kidole cha kushoto katikati, akazungusha. Alihisi mkwaruzo mdogo, kama mchanga kwenye ugali. Akamtazama mkewe usoni. Tangu augue hakuwa amemwona na furaha ile. Na kesho ilikuwa Ijumaa.

"Sawa," akasema. Neno hilo halikuchelewa.

Walikwenda Tororo mara nne bila tatizo. Mara ya tano, wakiwa njiani kurudi, gurudumu lilinguruma, likakwama ghafla, pikipiki ikalala. Maurine alichunika goti na kiganja. Owori, akiwa bado amefungwa kwake, alibaki ameangukia upande wa kushoto, ule ulio mzima, na hakuweza kujigeuza. Wenye baiskeli waliopita ndio waliowafungua, wakamfikisha Owori nyumbani.

Egesa alikuja kuichukua pikipiki. Kitovu cha gurudumu kilikuwa kimepasuka na fremu imepinda. Aliikagua beringi, akasema kwa upole, "Mama, hii ilipigwa katikati. Ilikufa siku ile ile."

Maurine akarudi nyumbani kwa miguu. Alimkuta mumewe barazani.

"Ulisema nje," akamwambia. "Pete ya nje."

Owori akaitika kwa kichwa.

"Na ulipozungusha, ulijua."

Aliitika tena. Akafungua mdomo, akahangaika muda mrefu. Maurine alisubiri. Hakuna kilichotoka.

Alitafuta bodaboda wa kuwapeleka Tororo kwenye mazoezi, wawili wakakubali. Lakini kila alipoleta leso Owori alilitazama kovu gotini mwa mkewe, akaushika mlango kwa mkono wa kushoto, akaung'ang'ania. Prossy alituma ujumbe mara mbili. Kufikia mwezi wa kumi na mbili, vidole vya kulia vilikuwa vimejikunja tena, na Maurine alikuwa akimnywesha chai kwa kijiko, akimfuta kidevu.