Nani Anakushikia Chuma?

Bahman alipohama Kermanshah, Iran, kwenda kuishi Dortmund, Ujerumani, alijiapiza kwamba hataacha kunyanyua vyuma. Kila alipotoka kazini ghalani, hoi bin taabani, alipitia jimu. Kwao Kermanshah, rafiki yake Siyavash alikuwa akisimama nyuma ya benchi, mikono tayari kumshikia chuma, akimtania: "Nyanyua, mzembe wewe! Hata mama yangu anakushinda!" Huku Dortmund kila mtu alikuwa na muziki wake masikioni.

Jioni moja chuma kilimlemea, kikamkalia kifuani. Alipiga kelele kwa Kikurdi, lugha ya kwao, maana Kijerumani chote kilimtoka kichwani. Hakuna aliyegeuka. Akakiviringisha taratibu tumboni hadi mapajani, akabaki ameketi akihema, machozi yakimlengalenga.

Siku ile ile Siyavash akampigia simu. "Kaka, nani anakushikia chuma huko?"

"Ah, wako tele. Wananigombania."

"Basi ongeza uzito, simba wangu!"

"Nitaongeza," Bahman akasema.

Kesho yake alipunguza, akabakiza uzito usiohitaji msaidizi. Baadaye akawa anapita mlangoni pa jimu bila kuingia, begi begani, mpaka begi lenyewe akaacha kulibeba.